UZI: Kutoboa barafu ya Aktiki kutafuta viumbe wasioonekana kwa macho, na kwa nini satelaiti peke yake haitoshi

#1 Mleta uzi

Habari za wakati huu wakuu.

Aktiki ikitajwa, wengi wetu tunamwaza dubu mweupe juu ya kipande cha barafu. Leo naomba tushuke chini ya miguu ya huyo dubu. Ndani ya ile barafu, na kwenye maji yaliyo chini yake, kuna viumbe ambao huwezi kuwaona mpaka upate hadubini, na hao ndio wanaoamua kama dubu atakula au atashinda njaa. Kazi yangu ni planktoni, yaani viumbe vidogo vinavyoelea majini. Nimefanya kazi ya uwandani kwenye fyodi za Svalbard, visiwa vya Norwei huko Aktiki, yaani zile hori ndefu zilizobanwa na milima, na nimekuwa kwenye meli ya utafiti pembezoni mwa barafu katika Bahari ya Barents. Nitaeleza safari hizi zinavyokwenda, tunachokitafuta huko, na kwa nini hadi leo lazima mtu aende mwenyewe na kekee yake wakati angani kumejaa satelaiti.

Bahari ya Aktiki ndiyo ndogo kuliko bahari kuu zote, kama kilomita za mraba milioni 14. Barafu inayoelea huko kaskazini hutanuka mpaka Machi, inapofika karibu kilomita za mraba milioni 15 ukijumlisha na bahari za pembeni, kisha husinyaa hadi Septemba. Septemba 2012 ilibaki takriban milioni 3.4, kiwango cha chini kabisa tangu satelaiti zianze kuifuatilia mwaka hadi mwaka mnamo 1979.

Mlo wa eneo hilo lote unaanzia kwa diatomu na mwani mwingine wa seli moja. Diatomu huishi ndani ya ganda la silika, na hutengeneza chakula chake kwa mwanga, hewa ya ukaa na rutuba iliyomo majini. Diatomu huliwa na kopepodi, vidudu vya jamii ya kamba vyenye urefu wa milimita chache. Kopepodi huliwa na chewa mdogo wa Aktiki, Boreogadus saida. Chewa huliwa na sili, na sili ndiye anayemlisha dubu. Nyangumi wa Greenland, ambaye anaweza kuishi zaidi ya miaka 200, yeye anaruka hatua zote hizo: anafungua kinywa na kuchuja kopepodi moja kwa moja.

Kipande kinachofuata ni siku ya kutoboa barafu. Mwenye swali aulize wakati wowote.

#2 Mleta uzi

Siku ya barafu huanza na bunduki. Svalbard, ukitoka nje ya makazi, sheria inakutaka uwe na zana za kumfukuza dubu, na watu wa utafiti hubeba bunduki pamoja na fataki za kumtisha. Mmoja wetu anapewa kazi ya ulinzi tu. Hashiki sampuli, hasaidii kuvuta kamba. Anasimama akiwa ametupa mgongo na kuangalia mbali, kwa sababu sisi wengine tumeinama na hatuoni kitu zaidi ya tundu.

Kekee yenyewe ni bomba lenye meno upande wa chini. Linaingia kwenye barafu likizunguka, linatoka na mhimili wa barafu wa mviringo, upana kama sentimita 9, urefu kadiri barafu ilivyo nene. Ukiulaza kwenye theluji unaona weupe mtupu kuanzia juu hadi karibu na mwisho. Kisha, kwenye sentimita chache za chini kabisa, pale barafu inapogusana na maji, rangi inageuka kahawia. Hiyo kahawia ni mwani ulio hai, seli kwa mamilioni. Kila nikiiona moyo unaruka.

Hapo hakuna kuzubaa. Mwani huo umekulia kwenye giza karibu kamili, chini ya barafu na theluji, na jua la ghafla linauumiza. Kwa hiyo mhimili unafunikwa kwa plastiki nyeusi mara tu unapotoka, na ile sehemu ya chini inakatwa kwa msumeno haraka na kutiwa kwenye chombo cheusi. Kuna jambo jingine ambalo wageni hulisahau: barafu haiyeyushwi hivihivi. Barafu ikiyeyuka peke yake inatoa maji yenye chumvi kidogo sana, na seli zilizozoea chumvi kali zinafyonza maji hadi zinapasuka. Tunamimina kwanza maji ya bahari yaliyochujwa, halafu tunaacha barafu iyeyuke ndani yake polepole, gizani, kwenye ubaridi.

Kazi ya pili inafanyika ndani, kwenye chumba chenye mwanga hafifu. Maji yanapitishwa kwenye chujio cha nyuzi za kioo lenye matundu ya kama maikromita 0.7 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), pampu ikivuta taratibu. Mwishoni unabaki na kiduara kidogo chenye doa la kahawia katikati. Doa hilo ndilo tunalipima klorofili, ile rangi ya mimea inayonasa mwanga, tujue mwani ni mwingi kiasi gani. Chujio linakunjwa, linafungwa kwenye karatasi ya aluminiamu, linaandikwa namba na kuingia kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Sampuli nyingine inatiwa madini ya iodini ili seli zihesabiwe baadaye kwenye hadubini, na nyingine inahifadhiwa kwa ajili ya vinasaba. Kuchuja kunakula usiku kucha. Meli inapofika kituo kingine kabla hujamaliza sampuli za kituo kilichopita, usingizi unasahaulika.

Nigusie na Ny-Ålesund, kwa sababu pana utaratibu wa aina yake. Ni kijiji cha utafiti kwenye nyuzi karibu 79 kaskazini, ukingoni mwa Kongsfjorden. Zamani kilikuwa kijiji cha makaa ya mawe. Mwaka 1962 mlipuko mgodini uliua watu 21, na mwaka uliofuata uchimbaji ukasimamishwa. Leo nchi kadhaa zina vituo vya utafiti pale, India na China zikiwemo. Ukifika unaambiwa uzime Wi-Fi na Bluetooth kwenye kila kitu ulicho nacho, kwa kuwa pana antena kubwa zinazosikiliza mawimbi dhaifu kutoka kwenye kwazari, viini ving'avu vya galaksi za mbali sana angani, ili kupima mwendo wa dunia yetu. Vipimo vyetu vyote inabidi viunganishwe kwa waya.

#3 Mchangiaji

Mkuu hongera kwa uzi. Swali langu: maji ya bahari yakishaganda, hao viumbe walionaswa mle ndani hawagandi nao? Wanaishije ndani ya jiwe la barafu?

#4 Mleta uzi

Swali zuri sana mkuu, na jibu lake ndilo lililonifanya niipende kazi hii.

Barafu ya bahari haigandi yote ikawa jiwe moja. Maji ya bahari huanza kuganda yakifika nyuzi 1.8 chini ya sifuri, na fuwele za barafu zinapojiunda zinaisukuma chumvi nje. Chumvi hiyo inabaki kwenye maji yasiyoganda, yakijikusanya katika vijifereji vyembamba vinavyopenya barafu kila upande, vingi vikiwa na upana usiofika milimita moja. Maji ya mle ni makali. Barafu ikiwa na nyuzi 10 chini ya sifuri, chumvi ya vijifereji inakaribia mara nne ya ile ya bahari ya kawaida. Humo ndimo mwani unamoishi.

Sasa, kiumbe anayeishi humo anahitaji silaha zake. Chukua diatomu iitwayo Fragilariopsis cylindrus, ambayo ramani ya vinasaba vyake ilichapishwa mwaka 2017. Hutengeneza protini zinazojishikiza kwenye fuwele za barafu na kuzizuia zisikue kiholela. Diatomu nyingi pia hutoa ute unaozunguka seli na kubadilisha hata umbo la kijifereji chenyewe. Na wembamba wa nyumba hiyo una faida: walaji wakubwa hawapiti mlangoni.

Kuna hatari yake pia. Kipupwe kikizidi, vijifereji vinajifunga na waliomo wanabanwa. Majira ya joto yakifika, maji matamu ya kuyeyuka yanashuka na kuwasuuza nje. Kwa hiyo mwani wa barafu una muda mfupi wa kustawi, kuanzia mwanga unaporudi hadi barafu inapoanza kuoza kwa chini. Shikeni hilo la muda, tutalirudia kwenye kopepodi.

#5 Mchangiaji

Nimejifunza kitu leo. Tuendelee mkuu, tupo hapa.

#6 Mleta uzi

Tuendelee. Nyavu sasa.

Kwa kopepodi tunashusha wavu wenye matundu ya kama maikromita 200, kwa winchi, wima, mpaka karibu na sakafu ya bahari, kisha tunaupandisha polepole. Ule mzuri zaidi una mifuko kadhaa inayofunguka na kufunga kwa zamu, kila mmoja kwenye kina chake, ili ujue nani alikuwa mita 20 na nani alikuwa mita 300. Ukipanda juu unaumwagia maji ya bahari ili kila kilichoshika kwenye nyuzi kiteremke chupani. Kwenye baridi kali wavu unaganda mkononi hata kabla hujamaliza kuusuuza.

Kisha unamwaga kidogo kwenye sahani ya kioo na kuinamia hadubini. Wanaotawala Aktiki ni kopepodi wa ukoo wa Calanus, na tunawajali watatu. Calanus finmarchicus ni wa maji ya Atlantiki, mkubwa wao ana kama milimita 3. Calanus glacialis ni wa maji baridi ya Aktiki juu ya vina vifupi, na humzidi huyo wa Atlantiki kidogo. Calanus hyperboreus ni wa vilindi na anaweza kufika milimita 7. Ukimweka huyu wa mwisho chini ya lenzi unaona mwili angavu kama kioo, vipapasio virefu, na katikati yake mfuko mrefu wa mafuta unaong'aa ukijaza karibu mwili mzima. Akishiba vizuri, mafuta yanaweza kuwa zaidi ya nusu ya uzito wake mkavu.

Hayo mafuta ndiyo siri ya Aktiki yote. Chakula kinapatikana miezi michache tu. Kopepodi anakula mwani wakati upo, anageuza kila kitu kuwa mafuta, halafu anashuka vilindini na kutulia akisubiri mwaka mwingine. Ndege, samaki na nyangumi wanaofika huko kwa maelfu ya kilomita wanafuata mafuta hayo.

Calanus glacialis ndiye aliyenifundisha maana ya wakati. Kwenye Rijpfjorden, fyodi iliyo juu ya nyuzi 80 kaskazini, watafiti walifuatilia msimu mzima wa mwaka 2007. Mwani wa barafu ulifikia kilele mwishoni mwa Aprili. Mwani unaoelea majini ulifikia kilele mwanzoni mwa Julai, barafu ilipovunjika. Ile miezi miwili katikati inamfaa Calanus kabisa: jike anakula mwani wa barafu apate nguvu za kutaga, na watoto wanapofikia umri wa kula vizuri wanakuta majini kumejaa. Barafu ikiondoka mapema, vilele viwili vinasogeleana, na watoto wanafika mezani wenzao wakiwa wameshamaliza.

Ndiyo maana vipimo vya safari moja havitoshi. Kujua kwamba diatomu zipo hakukusaidii sana. Unatakiwa kujua zilianza lini, zilifika kilele lini, na aliyezihitaji alikuwa wapi wiki hiyo.

#7 Mchangiaji

Dada/kaka mleta uzi, na ile miezi ya giza? Nilisoma kwamba huko jua halionekani kabisa kwa miezi. Si kila kitu kinalala, nanyi mnapumzika?

#8 Mleta uzi

Hivyo ndivyo hata wanasayansi walivyodhani kwa muda mrefu. Svalbard jua linazama mwishoni mwa Oktoba na halionekani tena mpaka katikati ya Februari. Hakuna mwanga, hakuna usanisinuru, basi bahari imefungwa. Meli zilikuwa zinakwenda kiangazi, na kwa kuwa hakuna aliyepima gizani, dhana ikabaki palepale.

Mtu aliyesukuma sana jambo hili ni Jørgen Berge, mwanabiolojia wa Norwei. Yeye na wenzake walikwenda Kongsfjorden mwezi Januari na kukuta mambo mengine kabisa. Kuna wanyama wanaokula, wanaokua, wanaozaliana. Planktoni wanaendelea kupanda na kushuka majini kwa kufuata saa za mchana na usiku, ingawa kwa jicho la mwanadamu mchana na usiku havina tofauti. Na mwaka 2016 kundi la watafiti lilionyesha kwamba katikati ya majira ya giza wanyama hao hufuata mwezi: mwezi mpevu ukiwaka juu ya upeo, wanashuka chini kuukwepa mwanga wake, kwa kuwa mwanga ndio unaowafanya waonekane na walaji.

Jambo lililofuata lilitubadilishia kazi sisi wote. Mwaka 2020 ilichapishwa kwamba taa za kawaida za meli ya utafiti huwavuruga samaki na planktoni gizani hadi kina cha mita 200. Meli inafika, taa zote za sitaha zinawaka ili mabaharia waone wanachofanya, wavu unashuka, na wale unaotaka kuwahesabu wameshahama. Siku hizi kwenye vipimo vya aina hiyo taa zinazimwa. Unafanya kazi kwa kupapasa, na nahodha anahitaji uvumilivu mkubwa.

Na mwani wenyewe? Seli za diatomu zinabaki hai miezi yote hiyo zikiwa zimeshusha matumizi ya nguvu. Ukiziletea mwanga Januari, mitambo yao ya usanisinuru inaamka ndani ya muda mfupi mno. Msafara wa MOSAiC ulikwenda mbali zaidi. Meli ya Ujerumani Polarstern iliondoka Tromsø Septemba 2019, ikajiachia igandishwe kwenye barafu na kuelea nayo, ikarudi Bremerhaven Oktoba 2020. Machi 2020, jua likianza kurudi, timu ya Clara Hoppe ilipima chini ya barafu na theluji na kukuta mwani umeshaanza kukua kwa mwanga wa kama maikromoli 0.04 za fotoni kwa mita ya mraba kwa sekunde. Mchana wa jua kali kwenye nchi kavu hupata mara 37,000 hadi 50,000 ya hapo. Matokeo yalichapishwa 2024. Kiwango hicho kiko karibu sana na kile cha chini kabisa ambacho nadharia inasema usanisinuru unawezekana.

Nilipoyasoma matokeo hayo nilikaa kimya kwa muda. Seli moja, chini ya barafu, inaona mwanga ambao sisi tungeuita giza, na inaanza kazi.

#9 Mchangiaji

Mimi nitapinga kidogo mkuu, usinielewe vibaya. Nasikia satelaiti zinapima klorofili ya baharini kutoka angani. Sasa meli ya kuvunja barafu inakula mafuta na fedha kiasi gani? Hizo pesa si zingewekwa kwenye satelaiti nyingine na roboti, watu wakae ofisini?

#10 Mleta uzi

Hoja yako ni ya haki ndugu, na gharama ni kubwa kweli. MOSAiC peke yake ilizidi euro milioni 140. Ngoja nieleze kwa nini mimi naona fedha hiyo ilienda mahali pake.

Satelaiti inapima rangi ya uso wa bahari. Ili ione, pasiwe na mawingu, jua liwe juu vya kutosha, na maji yawe wazi. Aktiki ina mawingu mengi kiangazi, jua lake liko chini au halipo kabisa, na maji yamefunikwa na barafu. Hata pale maji yanapokuwa wazi, mwani mara nyingi unakaa mita 20 au 40 chini, kule rutuba ilikobaki, na satelaiti haifiki huko.

Julai 2011 meli ya walinzi wa pwani wa Marekani, Healy, ilikuwa Bahari ya Chukchi kwenye mradi wa NASA ulioitwa ICESCAPE. Kevin Arrigo na wenzake waliingia ndani ya barafu wakitegemea maji yawe matupu. Chini ya barafu yenye unene wa mita 0.8 hadi 1.3 wakakuta mwani umestawi kwa wingi usiotarajiwa, na hali hiyo iliendelea kwa zaidi ya kilomita 100 ndani ya eneo la barafu. Barafu ilikuwa nyembamba kuliko ya zamani, na juu yake kulikuwa na madimbwi ya maji ya kuyeyuka yanayopitisha mwanga. Hesabu za awali zilizotegemea satelaiti ziliandika sifuri mahali hapo. Ukubwa wote ule, na mashine iliyoko angani ilikuwa inaona weupe tu.

Mfano wa pili ni kiangazi cha 2012, mwaka uleule wa barafu kidogo kuliko yote. Polarstern, msafara ukiongozwa na Antje Boetius, ilishusha kamera kwenye vilindi vya katikati ya Aktiki. Kuna diatomu iitwayo Melosira arctica inayoota kwa minyororo mirefu, inaning'inia chini ya barafu kama mapazia. Barafu ilipoyeyuka, mapazia yalikatika na kuzama. Kamera zilikuta mabonge yake yametapakaa sakafuni, kina kinachofikia mita 4,400, na majongoo ya bahari yakiyala. Mahali palipodhaniwa panapata makombo tu palikuwa pamepata karamu kwa msimu mmoja.

Roboti zipo na zinasaidia sana. Tunaziweka zielee, zinapima joto, chumvi na klorofili mfululizo. Ila roboti inakupa namba ya klorofili, haikuambii kama ni diatomu kubwa ambayo kopepodi ataila au ni seli ndogo ambayo hawezi kuikamata. Haikuambii kama seli iko hai au inakufa, wala ina kirusi gani ndani yake. Na virusi vipo: sampuli za meli Tara, iliyoizunguka Aktiki mwaka 2013, zilisaidia kuonyesha kwamba bahari hiyo ni miongoni mwa maeneo yenye aina nyingi zaidi za virusi vya baharini duniani. Hayo yanatoka kwenye maji yaliyochotwa na kuchujwa na mtu.

#11 Mchangiaji

Hapo kwa kilomita 100 umenishika. Naondoa pingamizi kwa sasa, nabaki na wasiwasi wa mafuta ya meli.

#12 Mleta uzi

Ni wasiwasi tulio nao hata sisi ndugu, na ndiyo sababu nchi nyingi zinagawana meli moja. MOSAiC ilibeba watafiti wa mataifa yapatayo 20.

Kabla hatujaendelea, naomba niwape kisa cha Fridtjof Nansen, mvumbuzi wa Norwei, maana wachache wanajua kwamba diatomu zilichangia kupanga safari yake maarufu. Mwaka 1881 meli ya Marekani Jeannette ilipondwa na barafu kaskazini mwa Siberia. Mwaka 1884 mabaki yake yakaokotwa kusini-magharibi mwa Greenland, upande mwingine kabisa wa Aktiki. Nansen akawaza: barafu inasafiri, basi meli imara ikigandishwa ndani yake itasafiri nayo. Wakubwa wengi wa uvumbuzi walimpinga.

Mojawapo ya ushahidi wake ulikuwa mdogo kuliko chembe ya mchanga. Msweden Per Teodor Cleve alipima kwa hadubini uchafu uliokusanywa kwenye barafu inayoelea karibu na Greenland, akakuta diatomu zinazofanana mno na zile ambazo msafara wa Vega ulizichukua karibu na Mlango wa Bering, kati ya Siberia na Alaska, miaka ya 1878 na 1879. Vijiganda vile vilikuwa vimebebwa na barafu kuvuka bahari nzima. Nansen aliondoka na meli yake Fram mwaka 1893, meli ikaganda, ikaelea, na mwaka 1896 ikatoka salama upande wa Svalbard. Akiwa njiani alitumia hadubini kwenye madimbwi ya juu ya barafu na kukuta humo pia kuna mwani. MOSAiC ilifuata wazo hilohilo.

#13 Mchangiaji

Swali: barafu ikipungua si mwanga unaingia zaidi, mwani unaongezeka, samaki wanaongezeka? Mbona kama ni neema?

#14 Mleta uzi

Nusu ya kwanza ni kweli. Kundi la Chuo Kikuu cha Stanford lilikadiria mwaka 2020 kwamba chakula kinachozalishwa na mwani katika Bahari ya Aktiki kiliongezeka kwa asilimia 57 kati ya 1998 na 2018. Mwanzoni kilichosukuma ni eneo kubwa zaidi la maji wazi, baadaye ikawa wingi wa mwani wenyewe, dalili kwamba rutuba zaidi inaingia kutoka bahari jirani.

Ila ongezeko halifanani kila mahali. Bonde la Kanada, sehemu ya vilindi ya Bahari ya Aktiki kaskazini mwa Kanada na Alaska, linapokea maji matamu mengi ya mito na ya barafu iliyoyeyuka. Maji matamu ni mepesi, yanakaa juu na kuzuia rutuba ya chini isipande. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba huko seli ndogo kabisa, zisizofika maikromita 2, zilikuwa zinaongezeka huku kubwa zikipungua. Seli ndogo kama Micromonas hazihitaji rutuba nyingi, lakini kopepodi hazikamati. Lazima kwanza ziliwe na viumbe vingine vidogo, navyo viliwe, na kila hatua inapoteza sehemu kubwa ya chakula. Namba ya klorofili inaweza kubaki ileile huku samaki akipungukiwa.

Upande wa Atlantiki, maji ya uvuguvugu yanazidi kusukuma kaskazini na kuja na wakazi wake. Calanus finmarchicus anaongezeka mahali palipokuwa pa glacialis. Wote ni kopepodi, wote wana mafuta, ila finmarchicus akiwa na mafuta pungufu kuliko glacialis, ndege mdogo kama Alle alle anayelisha kinda lake huko Svalbard lazima akamate wengi zaidi kwa safari ileile. Ndege huyo hutafuta kopepodi mmoja mmoja.

Halafu kuna Neodenticula seminae, diatomu ya Pasifiki. Mwaka 1999 ilionekana kwenye sampuli za Atlantiki ya Kaskazini, mahali ambapo kwa ushahidi wa matope ya sakafu ya bahari haikuwepo kwa takriban miaka 800,000. Maelezo yanayokubalika ni kwamba ilipenya kupitia Aktiki baada ya barafu kulegea. Mlango uliofungwa muda wote huo umefunguka, na waliogundua ni watu waliokaa na hadubini wakitambua ganda moja baada ya jingine.

Kwa hiyo mkuu, neema kwa nani na kwa muda gani, hilo ndilo tunalolipima. Kwa maoni yangu Aktiki yenye mwani mwingi usiofika kwa mlaji wake kwa wakati ni maskini kuliko ile ya zamani.

#15 Mchangiaji

Shukrani sana. Mdogo wangu anasoma biolojia na amesoma uzi wote. Anauliza mtu anajiandaaje kwa kazi kama hiyo.

#16 Mleta uzi

Msalimie sana. Longyearbyen, mji mkubwa wa Svalbard, kuna kituo cha elimu ya juu kiitwacho UNIS, kilianzishwa 1993, na kozi zake za biolojia ya Aktiki zinafundishwa kwa Kiingereza kwa wanafunzi wa mataifa mbalimbali. Kabla ya kutoka uwandani kila mwanafunzi anafundishwa usalama: kutumia bunduki, kusoma barafu, kujiokoa akitumbukia majini.

Ajifunze takwimu na uchambuzi wa vinasaba, hilo kila mtu atamwambia. Mimi naongeza jambo moja linalopuuzwa: ajifunze kutambua spishi kwa macho yake kwenye hadubini. Wazee wenye ujuzi huo wanastaafu na wanaochukua nafasi zao ni wachache. Kutofautisha glacialis na finmarchicus ni kugumu, vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba kwa kutumia urefu wa mwili peke yake watu walikuwa wanawachanganya sana. Aanze na maji yoyote ya bahari atakayoyapata. Achuje, achore anachokiona, aandike tarehe, saa, kina na joto la maji kwenye kila chupa. Sampuli isiyo na tarehe na kina tunaitupa, hata kama ndani yake kuna kitu kizuri namna gani.

Akitaka, aniandikie faragha nimtumie orodha ya michoro ya diatomu ninayoitumia mwenyewe.